Teke la Bunduki ya Marisau na Mtu Mwenye Mwili Mdogo

Kuna imani iliyoenea miongoni mwa wenye bunduki kwamba mtu mwenye mwili mdogo, awe mwanamke, kijana au mwanamume mfupi, hawezi kuipiga bunduki ya marisau vizuri, kwa kuwa teke lake litamshinda. Imani hiyo huzaa mashauri mawili. Wengine husema kwamba mtu wa namna hiyo na aiache bunduki kabisa. Wengine, kwa nia njema, humnunulia bunduki nyepesi kuliko zote zilizomo dukani, wakidhani wamemhurumia. Shauri la kwanza si la haki, na la pili mara nyingi humwumiza zaidi.

Kwamba udogo wa mwili si kizuizi, jambo hilo limekwisha onekana mbele ya dunia nzima. Katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Barcelona, nchi ya Hispania, mwaka 1992, wanaume na wanawake walishindana pamoja katika shindano la skiti, ambamo visahani hurushwa angani na mpigaji huvivunja kwa marisau. Aliyeshinda wote ni mwanamke wa China, Zhang Shan, aliyevunja visahani 223 kati ya 225. Baada ya hapo wanawake hawakuruhusiwa tena kushindana na wanaume katika skiti ya Olimpiki, na skiti yao wenyewe haikuanzishwa mpaka Michezo ya Sydney ya mwaka 2000. Msomaji aweza kuamua mwenyewe ni nani aliyeogopa nini. Naye Kim Rhode wa Marekani alipata medali ya dhahabu kwa bunduki ya marisau mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 17, akaendelea kupata medali katika kila Michezo ya Olimpiki hadi ile ya mwaka 2016, jumla mara sita mfululizo.

Kabla ya kuendelea yapasa ikumbukwe kwamba katika Kenya hakuna mtu aruhusiwaye kuwa na bunduki bila hati ya serikali, na uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977. Yaelezwayo hapa yanawahusu wale walio na ruhusa, hasa wapigao visahani. Mambo mengi yametokana na kazi ya mafundi wa Uingereza, nchi ambayo bunduki ya marisau imekuwa chombo cha kawaida cha mkulima tangu zamani, na ambako kuikata bunduki kwa kipimo cha mwili wa mtu ni ufundi kamili, kama ule wa mshona nguo.

ASILI YA TEKE

Baruti inapowaka ndani ya mtutu, moshi wake husukuma pande zote. Mbele huyasukuma marisau pamoja na kizibo chao, na nyuma huisukuma bunduki. Misukumo hiyo miwili ni sawasawa. Marisau, kwa kuwa ni mepesi, huondoka kwa mwendo wa kasi sana, na bunduki, kwa kuwa ni nzito, hurudi nyuma kwa mwendo wa polepole zaidi. Kurudi huko ndiko kuitwako teke. Hakuna fundi awezaye kuliondoa, maana kama hakuna teke basi hakuna kilichotoka mbele.

Hata hivyo ukubwa wake waweza kuhesabiwa, na hesabu yenyewe inafundisha mengi. Bunduki ya kilo 3.2 ikipigwa kwa risasi ya kawaida yenye gramu 28 za marisau, ambazo wazee wangaliziita wakia moja, na marisau hayo yakitoka kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde, teke lake huwa na nguvu ya karibu juli 27. Hiyo ni sawa na jiwe la kilo moja lililoanguka kutoka juu ya mita 2 na robo tatu. Sasa mpe mtu mdogo bunduki nyepesi ya kilo 2.7, kisha utie ndani yake gramu zile zile 28 kwa mwendo ule ule. Teke hupanda likawa karibu juli 33. Jiwe limepandishwa likaangushwa kutoka mita 3 na zaidi. Ndiyo maana inasemwa kwamba huruma ya mwenye kununua bunduki nyepesi humgeukia yule aliyehurumiwa.

Mambo huwa kinyume iwapo bunduki ni ya kilo 3.6 na risasi ina gramu 24 tu, kipimo ambacho ndicho kikomo katika mashindano ya Olimpiki. Hapo teke halifiki juli 19. Na bunduki ile ile ya kwanza ya kilo 3.2, ikitiwa gramu 21 za mwendo wa mita 370 kwa sekunde, teke lake ni karibu juli 14, yaani nusu tu ya lile la mwanzo. Bunduki haikuguswa, wala hakuna fundi aliyelipwa. Kilichobadilika ni sanduku la risasi.

Jambo jingine la kuangaliwa ni mwendo. Wauzaji hupenda kuandika juu ya sanduku kwamba risasi zao zina kasi kubwa, na wanunuzi huvutiwa. Lakini mwendo ukiongezwa kwa sehemu moja katika kumi, nguvu ya teke huongezeka kwa zaidi ya sehemu moja katika tano. Kisahani kilicho mbali hatua 25 hakijui tofauti hiyo. Bega linaijua.

Wapo pia wadhanio kwamba namba ya bunduki ndiyo kipimo cha teke. Namba hiyo yatokana na hesabu ya kale: ratili moja ya risasi ikigawanywa kuwa matufe 12 yaliyo sawa, tufe moja litaingia barabara katika mtutu wa namba 12. Yakiwa matufe 20, mtutu ni wa namba 20. Kwa hiyo namba ikizidi, tundu huwa dogo. Bunduki ya namba 20 yaweza kuwa na teke la upole, lakini ni kwa sababu hutiwa marisau machache, wala si kwa sababu ya wembamba wa tundu lake. Ikitiwa gramu 28, nayo ni nyepesi, itapiga teke kuliko dada yake wa namba 12. Ile nyembamba kabisa iitwayo 410, ambayo haikupewa jina kwa hesabu ya matufe bali kwa kipenyo cha mtutu wake, sehemu 410 katika 1,000 za inchi, ina teke dogo kwa kweli. Walakini marisau yake ni machache hata mwanafunzi hukosa mara nyingi akavunjika moyo. Hiyo ni bunduki ya mtu aliyekwisha kuwa hodari.

KITAKO KILICHOKATWA KWA MWILI WA MTU MWINGINE

Hesabu ya teke ni jambo moja, na maumivu ni jambo jingine. Watu wawili waweza kupiga bunduki moja kwa risasi za sanduku moja, mmoja akaondoka akicheka na mwingine akaondoka na bega jeusi. Teke lilikuwa lile lile. Tofauti ni mahali lilipogonga, na upana wa mahali hapo.

Mchukuzi wa mizigo anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Anaweka ngata kichwani kabla ya kutwika mzigo, ijapokuwa ngata haipunguzi uzito hata kidogo, kwa kuwa yaueneza uzito huo mahali papana. Kitako cha bunduki, yaani ule mti wa nyuma unaoegemezwa begani, kina kazi iyo hiyo. Kama uso wake wote umelala begani, teke huenea. Kama ni nusu yake tu iliyogusa bega, kila sehemu ya ngozi hupokea msukumo mara mbili. Kama ni ncha tu, mtu huyo ni kama aliyepigwa kwa kisigino cha kiatu.

Na bunduki za kiwandani hazikukatwa kwa kila mwili. Zilikatwa kwa mwanamume wa kadiri, ambaye urefu wake ni kama futi 5 na inchi 10. Urefu wa kitako, upimwao kutoka kifyatulio hadi katikati ya mwisho wa kitako, mara nyingi huwa kati ya inchi 14 na 14 na nusu. Mwanamke mfupi huhitaji karibu inchi 13 au 13 na nusu, na mtoto wa miaka kumi na miwili pengine inchi 12 na nusu au hata chini yake. Inchi moja yaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini aipandishaye begani bunduki iliyomzidi inchi moja huona kitako kimenasa chini ya kwapa au katika nguo, na ili apate kuikamilisha hulazimika kukisukuma nje, kikakaa juu ya msuli wa mkono badala ya shimo la bega. Tena uzito wa mtutu unakuwa mbali naye, kwa hiyo huegemea nyuma ili aweze kuubeba, kama mtu abebaye debe la maji mbele ya tumbo. Amesimama kwa visigino, na teke linapokuja humsukuma akayumba. Watazamaji husema, "Mwaona, hana nguvu." Hawakuutazama urefu wa mti.

Kitako kikiwa kifupi mno nacho kina hatari yake. Kidole gumba cha mkono wa kulia hukaribia pua, na teke hukigongesha hapo. Fundi huangalia nafasi iliyoko kati ya kidole gumba na pua wakati bunduki iko begani, naye hupenda iwe upana wa vidole viwili au vitatu. Jaribio la kale la kukiweka kitako ndani ya kiwiko cha mkono, na kuona kama kidole kinafikia kifyatulio, lingali likitumika katika maduka mengi. Halifai kutegemewa. Hakuna apigaye bunduki kwa kiwiko, wala jaribio hilo haliipimi shingo, uso au kifua.

Shingo na uso ndivyo visahauliwavyo zaidi. Bunduki ya marisau haina shabaha ya nyuma kama rifle, ina shanga tu mbele ya mtutu. Jicho la mpigaji ndilo shabaha ya nyuma, na mahali pa jicho huamuliwa na shavu linapolala juu ya mgongo wa kitako. Mgongo ukiwa chini mno kwa mtu mwenye shingo ndefu na uso mwembamba, jicho hujificha nyuma ya mtambo, naye huinua kichwa ili aone. Sasa shavu halikugusa mti tena, liko juu yake kidogo. Teke linapokuja, mti huruka na kuligonga shavu lililokuwa likingoja bila kinga. Wengi walioacha bunduki baada ya siku ya kwanza hawakuumizwa begani bali usoni.

Kiasi cha mabadiliko yanayotakiwa hapo ni kidogo mno hata chaweza kuchekesha. Mafundi wana hesabu moja iliyo rahisi: jicho likipanda au kushuka kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, basi katika umbali wa yadi 16 marisau hupanda au kushuka kwa inchi moja kamili. Kwa hiyo unene wa kipande cha ngozi kilichofungwa juu ya mgongo wa kitako huweza kuondoa pigo la shavuni na kosa la shabaha kwa pamoja.

Pamoja na urefu na kimo, kuna mwinamo wa mwisho wa kitako. Kitako kina kisigino juu na ncha chini. Kikikatwa wima, ncha ya chini hutangulia kugusa mwili. Kwa mwanamume mwenye kifua bapa si neno. Kwa mwanamke ncha hiyo huchoma sehemu ya juu ya ziwa, naye, kwa heshima, mara nyingi hasemi, ila husogeza kitako nje mpaka mkononi, na huko ndiko alama nyeusi hutokea. Dawa yake ni kuikata ncha kwa mshazari ili irudi nyuma, kuiviringisha isiwe kali, na kuipinda kidogo kuelekea nje. Kazi hiyo ni ya saa chache kwa fundi ajuaye. Lililochelewesha dawa hii kwa watu wengi si ugumu wake, bali ni kwamba wapimaji walikuwa wanaume na hawakuuliza.

Mwisho ni ule upindo wa kitako kwenda kulia au kushoto. Kwa mtu atumiaye bega la kulia, kitako hupindwa kidogo kulia ili mtutu usimame mbele ya jicho bila yeye kuulaza uso mno. Mwenye mabega mapana huhitaji upindo mwingi, na mwenye mabega membamba huhitaji kidogo. Atumiaye bega la kushoto akipewa bunduki iliyopindwa kulia, mti humkandamiza taya kila apigapo.

Vipimo hivi vyote mafundi wa London, kama wale wa nyumba ya Purdey iliyoanzishwa mwaka 1814 na ya Holland & Holland iliyoanzishwa mwaka 1835, huvipata kwa kutumia bunduki maalumu ya kupimia, ambayo kitako chake kina bawaba na skrubu, kikaweza kurefushwa, kufupishwa, kuinuliwa na kupindwa mtu akiwa ameishika. Gharama yake si ya kila mtu. Lakini wazo lenyewe halina gharama: bunduki ifuate mwili, wala mwili usilazimishwe kuifuata bunduki.

ALAMA ZA MWILINI

Mwalimu mwenye busara hasubiri malalamiko, maana wanafunzi wengi huona haya kulalamika. Huangalia alama. Alama nyeusi juu ya msuli wa mkono yaonyesha kitako kirefu, au ncha inayochoma kifua. Alama juu ya mfupa wa mtulinga yaonyesha kwamba kitako kimewekwa juu mno, kisigino chake kikiwa hewani. Shavu likiwa jekundu, mgongo wa kitako u chini mno au shavu halikulala. Kidole cha kati kikichubuka nyuma yake, kimegongwa na kinga ya kifyatulio, na mara nyingi ni kwa sababu mkono umeshika kwa ulegevu.

Asiyekuwa na fundi karibu naye aweza kuanza na mambo machache. Mpira mzuri wa kitako, wenye unene wa inchi moja, huchelewesha teke likafika polepole, kama vile adakaye embe lililotupwa hurudisha mkono nyuma ili lisimwumize. Lakini mpira ukiongezwa juu ya kitako ambacho tayari ni kirefu, tatizo huzidi. Lazima kwanza mti ukatwe kwa kadiri ya unene wa mpira, na zaidi ikibidi. Kosa hili hutokea kila siku: mtu huumizwa na kitako kirefu, jamaa zake wakamnunulia mpira wa kukirefusha. Mpira uwe na upande wa juu ulio laini na mtelezo, usije ukanasa katika nguo.

Uzito nao waweza kuongezwa kwa risasi ya kuyeyusha iliyotiwa ndani ya tundu la kitako. Gramu 300 si neno kwa mpiga visahani, ambaye husimama mahali pamoja na kupumzika baada ya kila zamu. Mtu atembeaye na bunduki kutwa nzima atazichukia kabla ya adhuhuri. Tena uzito ukitiwa nyuma peke yake, mtutu huwa mwepesi ukayumbayumba mbele ya shabaha. Afadhali ukaribie mahali pa mikono.

Bunduki zijipakiazo zenyewe kwa nguvu ya moshi wa baruti zina upole wake, kwa kuwa sehemu ya mwendo hutumika kuendesha mtambo, na teke huenea katika muda mrefu zaidi. Kwa mtu aliyekwisha umizwa, hizo ni msaada wa kweli. Ubaya wake ni kwamba mwenzake aliye mbali hawezi kuona kwa urahisi kama ni tupu, jambo ambalo kwa bunduki ikunjwayo katikati huonekana mara moja. Ama matundu yatobolewayo karibu na mdomo wa mtutu ili kupunguza teke, faida yake katika bunduki ya marisau ni ndogo, kwani moshi umekwisha poteza nguvu zake nyingi ufikapo hapo, na aliye kando huongezewa mlio masikioni.

HOFU HUTANGULIA TEKE

Risasi inapolipuka, marisau huwa yamekwisha toka mtutuni katika sehemu chache za elfu za sekunde, na wakati huo bunduki imerudi nyuma milimita chache tu. Maana yake ni kwamba teke lenyewe haliwezi kumfanya mtu akose. Linalomfanya akose ni kulitazamia. Aliyeumizwa mara kumi, mara ya kumi na moja hufumba macho, hukaza bega na kuuvuta mtutu chini kabla ya kufyatua. Hajui kwamba anafanya hivyo. Akizoea, tabia hiyo yaweza kudumu miaka mingi hata baada ya bunduki kutengenezwa. Tena ni hatari kwa walio karibu, maana mtu ashtukaye hautawali mdomo wa bunduki yake. Kwa sababu hiyo maneno ya "vumilia, utazoea" ni mafundisho mabaya. Kinachozoewa ni kule kushtuka.

Njia ya kuutambua ugonjwa huu ni rahisi. Mwalimu, bila mwanafunzi kuona, huchanganya risasi bandia zisizo na baruti pamoja na zile za kweli. Mwanafunzi afyatuapo ile bandia, hakuna mlio wala teke, na kila mtu, yeye mwenyewe kwanza, huona jinsi mtutu ulivyoruka.

Nusu ya hofu hiyo huingia kwa masikio. Mlio wa bunduki ya marisau hupita desibeli 140, kiasi kihesabiwacho kuwa chaweza kuharibu masikio kwa mlio mmoja tu. Wengi wadhanio kwamba wanaogopa pigo la begani kumbe wanaogopa mlio, na wakivaa vizibo vya masikio, pamoja na vifuniko juu yake, teke huonekana kana kwamba limepungua. Hakuna dawa ya teke iliyo rahisi kuliko hii, na masikio yakifa hayarudi.

Kusimama nako kwahitaji kufundishwa. Mguu wa mbele ubebe uzito zaidi, goti lake likikunjwa kidogo, na pua iwe mbele ya vidole vya mguu huo. Shavu lilale kwanza juu ya mti, kisha bega lijaze nafasi nyuma yake. Kitako kikishikwa kwa ulegevu, bunduki hukimbia kwanza ndipo igonge. Kikikazwa, mwili mzima huungana na bunduki kuwa kitu kimoja kizito, na kizito husukumwa polepole. Mazoezi ya kuipandisha begani yafanywe nyumbani kwa bunduki iliyohakikishwa kuwa tupu na watu wawili, risasi zikiwa chumba kingine.

Siku ya kwanza risasi 20 au 25 za gramu 21 zatosha. Mwalimu na aache mwanafunzi angali akitaka zaidi.

Kuna maonyo mawili juu ya risasi zenyewe. Urefu wake lazima ulingane na chumba cha bunduki, ambacho katika bunduki kuukuu za Uingereza huwa milimita 65, na katika nyingi za siku hizi ni milimita 70 au 76. Kipimo hicho hupigwa muhuri juu ya mtutu. Risasi iliyozidi chumba huongeza msukumo ndani, na pamoja nao teke, na katika bunduki ya zamani yaweza kuleta maafa. La pili lawahusu wale wenye bunduki mbili nyumbani, ya baba ya namba 12 na ya mtoto ya namba 20. Risasi ya namba 20 ikitumbukizwa katika bunduki ya namba 12 hupita chumba ikakwama mbele ndani ya mtutu, mahali isipoonekana. Mtu akidhani bunduki ni tupu, akatia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi. Ndiyo sababu maganda ya namba 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Risasi za namba hizo mbili zisikae kamwe katika mfuko mmoja.

Kwa mtoto, kitako kilichokatwa leo kitakuwa kifupi baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo kile kipande cha mti kilichokatwa kisitupwe. Fundi akate kwa mstari mmoja safi, akiandike kipande hicho na kukihifadhi, na kati ya mti na mpira aweke vibao vyembamba vya robo ya inchi, vinavyoongezwa kimoja kimoja kadiri mtoto akuavyo. Atakapofikia urefu wa mtu mzima, kipande kile kitarudishwa mahali pake kwa skrubu mbili, na nyuzi za mti zitalingana kama zamani.